Nyumba yenye vijiji arobaini inafilisikaje?

SWALI

Mshauri, salaam.

Naandika riwaya ya kifantasia na nimekwama sura ya tatu. Hadithi iko katika Dola ya Unara, himaya kubwa yenye Mfalme Mkuu, baraza la mamwinyi na nyumba za kikabaila zaidi ya mia moja. Mojawapo ni Nyumba ya Sarago: mabonde matatu, vijiji arobaini, ngome ya kale, kivuko kwenye mto mkubwa, na askari mia tatu ambao lazima wawe tayari kila Mfalme Mkuu anapoita. Mhusika mkuu ni Tamira, binti wa nyumba hiyo. Kaka yake, ambaye ndiye mrithi, ana miaka 19 na anaishi mji mkuu. Nataka msomaji aione nyumba ikiporomoka kiuchumi huku ikijikaza mbele za watu.

Kwenye rasimu, baba yao anacheza kamari, anakopa, na kabla mwaka haujaisha ngome inauzwa. Wenzangu walioisoma wananiuliza mambo yaleyale: mtu mwenye vijiji arobaini anakosaje pesa? Si auze bonde moja alipe deni yaishe? Mmoja amesema mkopeshaji wangu ni mwovu tu, hajui anachotaka.

Kuna jambo jingine. Miaka michache kabla ya hadithi kuanza, wachawi wa Mfalme Mkuu walifungua malango: mzigo ukiingia asubuhi mkoa wa mbali, jioni uko mji mkuu. Niliyaweka kwa ajili ya vita vya sura za mwisho, sikuyahusisha na fedha.

Naomba kujua: anguko la namna hii huchukua muda gani na huanzia wapi? Tamira anaweza kuiokoa nyumba ndani ya kitabu kimoja? Na hesabu niziweke kwenye maandishi kiasi gani bila kumchosha msomaji?

Mwandishi wa Sarago

JIBU

Ndugu mwandishi, sababu ya anguko unalolitafuta tayari iko kwenye rasimu yako. Ni hayo malango. Yatoe kwenye sura za mwisho uyalete mwanzo, kwa sababu lango linalosafirisha mzigo kwa siku moja litaangusha makabaila wengi kuliko jeshi lolote.

Baba mtoe kwenye kamari, au mwache acheze kidogo. Kamari huharakisha anguko lililokwisha kuanza. Peke yake inammaliza mtu, lakini nyumba yenye vijiji arobaini haiimalizi, maana kodi za mwaka ujao bado zinakuja. Nyumba kubwa huanguka kwa namna nyingine: mali yake ni ya kukaa (ardhi, ngome, cheo, msitu), ilhali madeni yake ni ya fedha taslimu na yana tarehe. Mapato hupanda na kushuka, ahadi hazishuki.

Kabla ya kuandika sura nyingine, tengeneza ukurasa mmoja wa daftari la nyumba. Nakupa mfano, namba utazibadilisha utakavyo.

Mapato ni dinari 12,000 kwa mwaka. Kodi za wakulima ni 7,200, yaani 180 kwa kila kijiji. Mashamba ya nyumba yenyewe yanaleta 3,000. Kivuko, daraja na vinu vya kusagia vinaleta 1,800.

Kisha matumizi yasiyogusika. Askari mia tatu kwa dinari kumi kila mmoja, 3,000. Riba ya mkopo alioacha babu, 30,000 kwa asilimia 6, ni 1,800. Posho za baba wadogo na mashangazi, 1,200. Posho ya bibi mjane, iliyoandikwa kwenye mkataba wa ndoa yake, 1,000. Kodi ya Mfalme Mkuu, 1,000. Jumla 8,000. Zinabaki 4,000: 3,500 za kuendesha nyumba (watumishi, farasi, wageni, mavazi, nyumba ya mji mkuu) na 500 za matengenezo.

Hesabu imekaa sawa. Hakuna mjinga ndani yake, na hilo ni muhimu sana kwa hadithi yako: kila ahadi iliyomo ilikuwa ya busara siku ilipotolewa.

Sasa fungua malango. Nafaka ya nyanda za mbali inaingia sokoni kwa bei ya chini. Mashamba ya nyumba yanashuka kwa theluthi moja, kutoka 3,000 hadi 2,000. Wakulima nao wanauza kwa hasara, wanachelewesha kodi, wengine wanahama usiku, na mwishowe bwana analazimika kuwasamehe asilimia 15, zinabaki 6,120. Mizigo haipiti tena mtoni, nafaka ya kusaga imepungua, kwa hiyo kivuko, daraja na vinu vinakosa nusu ya mapato yao, na zile 1,800 zinakuwa 900. Jumla ya mapato ni 9,020.

Mapato yamepungua kwa robo tu. Lakini yale 8,000 hayajasogea, kwa hiyo fedha ya kuishi na kutengeneza imetoka 4,000 hadi 1,020. Robo ya mapato imekwenda na robo tatu ya maisha. Hilo ndilo jibu la mwenzako aliyeuliza mtu mwenye vijiji arobaini anakosaje pesa.

Si jambo la kubuni. Uingereza ilipitia hayohayo: kuanzia miaka ya 1870 ngano ya Marekani Kaskazini ilifika kwa reli na meli za mvuke, na kufikia 1894 bei ya ngano ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya bei ya mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1870. Wenye ardhi waliwarudishia wapangaji sehemu ya kodi ili mashamba yasibaki matupu. Malango yako ndiyo reli na meli zao.

Angalia tu mwelekeo wa uchawi wako. Lango hushusha bei ya mazao. Kama uchawi ungekuwa wa kutengeneza dhahabu, au dola ingepata mgodi mkubwa, bei zingepanda, na anayeumia angekuwa bwana aliyekubali kodi ya kiwango kimoja cha sarafu kwa miaka tisini na tisa. Hispania ya karne ya 16, madini ya fedha kutoka ng'ambo yalipoingia kwa wingi, ni mfano wa upande huo. Usichanganye pigo hizi mbili kwenye bonde moja bila kufikiri, maana moja hupunguza makali ya nyingine.

Na kama ungependa pigo la asili lijazie, chagua zao la miti, kwa sababu halirudi msimu ujao. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mkarafuu unachukua miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa. Miaka yote hiyo mwenye shamba anakula kwa kukopa.

Turudi kwa Sarago. Kila mwaka zinapungua dinari 2,980. Bwana hawezi kupunguza meza yake ghafla, kwa sababu siku anayopunguza ndiyo siku wadai wote wanabisha hodi pamoja. Kwa hiyo anakopa pengo, kwa asilimia ileile 6. Mwisho wa mwaka wa kwanza deni ni 32,980, na wa tano ni 46,798. Mwaka wa sita, akishalipa yasiyogusika na riba iliyoongezeka, zinabaki dinari 12 za kuendesha ngome nzima. Mwaka wa saba hata 12 hazipo: riba na ahadi zinafika 9,247, mapato ni 9,020. Hata wakifunga jiko na kuzima taa, hawawezi kulipa.

Anza hadithi yako mwaka huo wa saba. Msomaji haoni chanzo, anaona nyumba ambayo bado ina farasi zizini na deni la karibu 50,800. Chanzo Tamira atakifukua mwenyewe kwenye daftari.

Sasa lile swali gumu: kwa nini wasiuze bonde? Wasomaji wako wana haki, na usiwajibu kwa neno "fahari" peke yake. Fanya hesabu kwanza. Tuseme kabla ya malango ardhi iliuzwa kwa mapato ya miaka 25. Ukiuza vijiji vinavyoleta kodi ya 1,000 unapata 25,000. Ukilipia deni la asilimia 6 unaokoa riba ya 1,500. Umepoteza 1,000 na kuokoa 1,500, ni faida tupu. Kumbe babu angeuza, nyumba ingepona. Lakini baada ya malango nyumba zote zinataka kuuza kwa wakati mmoja, wanunuzi wanaogopa, na bei inashuka hadi mapato ya miaka 15. Vijiji vyenye kodi ya 1,000 vinaleta 15,000, vinaokoa riba ya 900. Sasa kila kijiji kinachouzwa kinaongeza umaskini. Wakati wa kuuza ulikuwa ule ambao hakuna aliyeona haja ya kuuza, na mtu aliyesema "tuuze" wakati huo alionekana msaliti. Mtafute mtu huyo kwenye ukoo. Huenda ni shangazi mmoja anayelipwa posho ndogo kuliko wenzake.

Kizuizi cha pili kiwe cha sheria. Nyumba nyingi za aina hii duniani zilifunga ardhi ili mwenye cheo ale mapato tu, asiuze wala kugawa. Hispania walikuwa na mayorazgo, na bwana aliyetaka kuweka mali hiyo rehani aliomba kibali cha mfalme. Fikiria Mfalme wako Mkuu atakavyokitumia kibali kama hicho. Uingereza ardhi ilifungwa kizazi hadi kizazi kwa mkataba wa familia, mpaka sheria ya 1882 ikamruhusu mwenye kula mapato auze, na hata hapo fedha ziliingia mikononi mwa wadhamini (watu waliokabidhiwa kuilinda mali ya ukoo), na jumba kuu la ukoo halikuuzwa bila idhini ya wadhamini au ya mahakama. Kabla ya sheria hiyo, njia ya kawaida ya kufungua kifungo ilikuwa moja: mrithi akifika miaka 21, baba na mwana waliweza kukifungua kwa pamoja. Kwa desturi mwana alitia saini kuifunga upya ardhi kwa kizazi kingine, na papo hapo akapewa posho ya mwaka.

Kaka yake Tamira ana miaka 19. Hiyo ndiyo saa ya riwaya yako, na umeiweka pale bila kuitumia. Miaka miwili ijayo kalamu ya kijana mmoja itaamua kama bonde linaweza kuuzwa. Mfanye awe na madeni yake mwenyewe huko mji mkuu, ya mikopo inayolipwa baba akifa. Mikopo hiyo ilikuwepo kweli, na riba yake ilikuwa kali kwa sababu mkopeshaji hajui atasubiri muda gani. Aliyemkopesha kijana ndiye atakayeisimamia saini, kwa hiyo Tamira hashindani na kaka yake bali na mtu aliye nyuma yake.

Huyo mtu ndiye mkopeshaji wako, na namna ya kumponya asiwe katuni ni kujua anataka nini. Haitaki ngome. Ngome ni gharama: paa, walinzi, kuni, na soko lake halipo. Anachotaka ni riba ifike siku yake. Mkopo wa kwanza aliutoa kwa jina la ukoo bila dhamana. Wa pili alitaka ushuru wa kivuko uandikwe kwake moja kwa moja, karani wake akakaa kivukoni anahesabu abiria. Malango yalipokula mapato ya kivuko, dhamana yake ikapungua thamani, na hapo ndipo alipobadilika. Mkopo wa tatu, wa kuziba pengo la mwaka wa saba, ni wa miezi sita kwa asilimia 10. Naye ana watu waliomwekea fedha zao, na nyumba nyingine nne zimekwama kumlipa. Siku anayodai yote, adai kwa hofu. Mwandikie ukurasa ambao yeye naye anapiga hesabu usiku.

Fikiria pia dola kama mkopeshaji. Urusi, kufikia 1859, karibu theluthi mbili ya wakulima waliomilikiwa na mabwana walikuwa wamewekwa rehani kwenye mabenki ya serikali. Serikali ilipowaachia huru mwaka 1861 na kuwalipa mabwana fidia ya ardhi, ilikata kwanza deni lake. Bwana aliyetarajia utajiri akapokea mabaki.

Au dola iwe ndiyo chanzo cha matumizi. Japani, tangu 1635, mabwana wa majimbo walilazimika kukaa Edo (Tokyo ya leo) kwa zamu, na wake na watoto wao wakabaki huko kama dhamana ya utii. Nyumba mbili na misafara ya mamia ya watu zilimeza sehemu kubwa ya mapato ya jimbo. Sarago tayari wana nyumba mji mkuu. Ifanye iwe amri, siyo starehe. Mwaka 1789 serikali hiyohiyo ilitaka kuwasaidia samurai wake waliozama kwenye madeni ya madalali wa mchele: madeni ya zaidi ya miaka mitano hivi yakafutwa kwa amri. Madalali wakaacha kukopesha, na samurai waliokuwa wakiishi kwa mkopo wa msimu hadi msimu wakakwama upya. Ukitaka kupindua mambo katikati ya kitabu, Mfalme Mkuu afute madeni. Wahusika washerehekee jioni moja, kisha asubuhi muuza nta agome kutoa mishumaa bila fedha mkononi.

Hapo tunaingia kwenye yale yanayoonekana kwa macho, na hapa usiwe na haraka.

Anguko huanzia pasipoonekana na wageni. Watu wa kwanza kupunguzwa ni fundi wa paa, walinzi wa msitu, wafuaji. Wa mwisho ni wale wanaosimama mlangoni na sare, kwa sababu wao ndio dhamana halisi ya mkopo unaofuata. Zile dinari 500 za matengenezo ndizo za kwanza kufutwa, na adhabu yake inakuja polepole. Paa la madini ya risasi lina mifereji. Mfereji ukiziba kwa majani, maji yanatuama, yanapenya kwenye maungio na kushuka ndani ya ukuta. Boriti haiozi katikati pale watu wanapotazama. Inaoza kwenye ncha iliyozama ukutani, mahali penye unyevu na pasipo hewa. Dari linaonekana zima mpaka siku linapoinama. Ukarabati uliohitaji fundi mmoja na ngazi sasa unahitaji boriti mpya kumi, nyumba haina hata moja, maana msitu umekwisha uzwa.

Msitu ndio fedha ya haraka kuliko zote, kwa hiyo utakatwa mapema. Mwaloni wa kujengea unahitaji miaka mia moja na zaidi, mnunuzi analipa siku hiyohiyo, na daftari linaonekana zuri kwa msimu mmoja. Karani mwaminifu ataandika fedha hiyo peke yake, nje ya mapato ya kawaida. Karani mwoga ataichanganya humo, na Tamira asiyejua atadhani mwaka ule ulikuwa mzuri.

Farasi mmoja wa kilo 450 anakula takriban kilo kumi za majani makavu na nafaka kwa siku. Wako arobaini? Hizo ni kilo 400 kila siku. Lakini zizi tupu huonekana kutoka barabarani, kwa hiyo watauzwa wawiliwawili, usiku, na waliobaki wasogezwe kwenye vibanda vya mbele.

Onyesha daftari lenyewe kwa karibu. Safu ya kushoto ina majina ya wauzaji: fundi nguo, muuza nyama, muuza nta. Zamani walilipwa mara moja kwa mwaka, mstari mmoja mnene wa wino. Sasa kila jina lina malipo madogomadogo, mengine ya dinari mbili, mkono wa karani umebana namba ili ziingie pembeni. Msomaji akiona ukurasa huo hahitaji kuelezwa.

Mpangilio wa kuuza nao una adabu yake, na Blenheim, jumba la madyuki wa Marlborough huko Uingereza, utakufaa sana. Vito vya kale viliuzwa 1875. Maktaba ikafuata, kwa mnada wa 1881 hadi 1883, baada ya Bunge kupitisha sheria ya kuruhusu. Picha zikafuata: mwaka 1885 mchoro mmoja wa Raphael ulinunuliwa na National Gallery ya London kwa pauni 70,000. Kisha mwaka 1895 dyuki wa tisa akamwoa Consuelo Vanderbilt wa Marekani, aliyekuja na hisa za reli zenye thamani ya dola milioni 2.5. Miaka ishirini, madyuki watatu, na jumba halikuuzwa. Vitu vidogo vinavyobebeka hutangulia, vile vinavyoacha doa ukutani hufuata, na mtu hutolewa mwisho. Kwa hiyo ngome kuuzwa sura ya tatu ni kuanzia mwisho.

Anguko la ghafla lipo pia. Dyuki wa pili wa Buckingham alimkaribisha Malkia Victoria jumbani Stowe mwaka 1845 kwa fahari kubwa, na mwaka 1848 vitu vya jumba hilo vilipigwa mnada kwa siku 40. Lakini deni lake lilizidi pauni milioni moja na lilikuwa limelimbikizwa kwa miaka mingi. Kilichokuwa cha ghafla ni umma kujua.

Kuhusu Tamira kuiokoa nyumba: kwenye kitabu kimoja anaweza kuzuia isizame, na hilo linatosha kwa ushindi. Mwaka wa saba pengo lake ni 4,227. Mpe njia tatu, kila moja na mlango wake wa maumivu. Kwanza, akusanye mikopo yote iwe mmoja wa asilimia 4 kutoka kwa hekalu au taasisi yoyote yenye subira. Anaokoa kama 1,016, lakini hekalu litataka daftari lisomwe wazi, na hapo siri ya nyumba imeisha. Pili, amwombe Mfalme Mkuu apunguze askari kutoka mia tatu hadi mia mbili. Anaokoa 1,000, na anapoteza kiti barazani ikiwa kiti kinahesabiwa kwa askari, tena anawaachia watu mia moja wenye silaha wakiwa hawana kazi. Tatu, akate nusu ya matumizi ya ngome na matengenezo, 2,000: ngome ipangishwe, familia ihamie nyumba ndogo. Makabaila wa Uingereza walioelemewa na madeni walivuka bahari wakaishi Ufaransa kwa gharama ndogo, mbali na macho na mbali na wadai.

Zote tatu zikifanikiwa ni 4,016. Bado zinapungua dinari 211. Usizizibe kwa hazina iliyofichwa chini ya sakafu. Azitafute langoni: mizigo inayotoka langoni inahitaji ghala, mizani, nyasi za wanyama wa kubeba, mahali pa kulala madereva wa mikokoteni. Sarago wana ardhi, wana watu wa kivuko wanaojua kupakia na kupakua, na hawana kazi ya kuwapa. Baba ataona aibu nyumba yake kuishi kwa kukodisha maghala. Ugomvi huo kati ya baba na binti una uzito kuliko kamari yote uliyoandika.

Ukichagua ndoa, tahadhari moja. Mfanyabiashara mwenye akili ya kupata utajiri hamkabidhi mkwe mtaji. Mawakili wake wataandika mali ibaki chini ya wadhamini, nyumba ile faida ya kila mwaka tu. Ndoa inalipa riba, mara chache inalipa deni.

Mwisho, hesabu kwenye maandishi. Daftari zima libaki kwenye faili lako. Msomaji mpe namba tatu na uzirudie bila kuzibadilisha: mapato 9,020, deni 50,800, na siku kaka anatimiza 21. Nyingine zote ziwe vitu: farasi waliobaki, mishumaa ya mafuta ya wanyama badala ya nta, mgeni anayepewa chumba cha upande wa mashariki kwa sababu wa magharibi unavuja. Ukisahau namba katikati ya kitabu, wasomaji hawa waliouliza kuhusu bonde watakukamata, kwa hiyo kila sura andika pembeni ya rasimu deni limefika wapi.

Sura ya tatu iandike upya hivi: Tamira anapeleka barua kwa kaka yake mji mkuu kumwomba asitie saini karatasi yoyote mpaka wakutane, na anamkuta karani wa mkopeshaji tayari yuko sebuleni kwake.